Ndugu wa Hondohondo

Oktoba 11
Biasha anasema mtu wa eda haandikiandiki. Nimemuuliza pamesemwa wapi. Kanyamaza, basi naandika.

Leo siku ya saba tangu Amin anitoke. Alifariki jioni ile ile mwezi wa Mfungo Saba ulipoandama, amekaa kwenye kiti chake, viatu bado vina matope ya msituni. Nimebaki na chumba hiki, na dirisha moja linalotazama mti mkubwa wa mbambakofi nyuma ya ua. Nimebaki na wifi yangu Biasha, aliyehamia hapa Mwabungo ili anihudumie. Na miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani.

Daftari hili ni lake. Amin alikuwa akitembeza wageni kuwaonyesha ndege, kuanzia Diani mpaka milima ya Shimba, na kurasa za mbele zote ni ndege. Mimi naandikia nyuma. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mimi mwalimu wa bayolojia nasahihisha madaftari ya watoto wa watu, na la mume wangu sijapata kulifungua hata siku moja. Aibu naiona sasa.

Ukurasa wa katikati kachora nasaba ya ndege wa hapa petu. Chozi yuko na jamaa zake, kigong'ota na jamaa zake, kila mmoja na tawi lake. Hondohondo peke yake kawekwa pembeni, mstari wake haukuungana na wowote. Chini kaandika: "Ndugu zake ni nani? Mwalimu asema tukani. Sidhani."

Nakumbuka. Ilikuwa Ramadhani, mimi na mitihani yangu mezani. Aliniuliza, nikamjibu bila ya kuinua kichwa: "Tukani wa Amerika, si waona mdomo ulivyo?" Akasema haya. Kumbe hakuridhika, na wala hakutaka kunisumbua tena.

Oktoba 14
Uji. Mvua. Uji.

Oktoba 19
Swabir kaja. Huyu ni kaka yake Amin, fundi seremala, ana karakana yake Ukunda. Kwa ajili ya eda yeye alikaa barazani, mimi nyuma ya pazia la mlango, na Biasha katikati yetu akimenya muhogo.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, Twaiba. Pole sana. Mola akupe subira."

Kisha akakohoa. Namjua Swabir, akikohoa hivyo ana lake jambo.

"Shemeji, ni habari ya huu mbambakofi. Nina mteja anataka mlango wa kuchonga. Marehemu alikuwa akinizuia kila mwaka, nami nikimstahi. Lakini sehemu ile ya nyuma ya ua ni ya baba yetu, na sasa iko mikononi mwangu."

Siku kumi na nne tu! Udongo wa kaburi haujakauka! Nilitamani nitoke na mwiko. Badala yake nikamwambia kwa upole wa kinafiki, "Shemeji, nakuomba ungoje nitoke eda. Sitaki kusikia msumeno nikiwa humu ndani."

Kisu cha Biasha kikatulia.

"Haya," akasema. "Kwa heshima yako na yake. Siku utakayotoka eda, asubuhi yake nitakuja na Charo mkata miti na msumeno wake. Si kabla, si baada. Hilo ni neno langu."

Akaenda zake, nasikia makubadhi yake kwenye changarawe. Seremala huyu moyo wake mbao tupu.

Novemba 2
Wamekuja! Wawili, weusi, matumbo meupe, na ile pembe juu ya mdomo, ya dume kubwa kuliko ya jike. Wametua kwenye mbambakofi wakalia, na hondohondo akilia hasa ni sauti ya mtoto mchanga anayetaka kunyonya. Biasha katoka jikoni mbio. "Mkosi huo! Nyumba ya msiba, nao waja kulia watoto?" Kavua kandambili karusha, imenasa juu ya paa la jiko. Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita, kisha nikalia.

Novemba 9
Siku tatu sijatoka dirishani. Jike kaingia katika tundu la mbambakofi, pale tawi kuu lilipovunjika zamani, na hakutoka tena. Dume analeta udongo tumboni, anautoa donge kwa donge, na jike anaupokea kwa ndani na kuukandika mlangoni kwa ubavu wa mdomo wake. Hana haraka. Akikosea anabomoa kidogo, anaanza tena. Leo adhuhuri wamemaliza. Umebaki upenyo mwembamba wa kupitishia mdomo, basi.

Miaka kumi na saba nafundisha kwa chaki, "ndege huyu hujifungia", watoto wananakili, kengele inalia. Sikuwa najua ninachokisema. Wallahi ni kazi ya kustaajabisha.

Biasha kaja kusimama nyuma yangu na sufuria mkononi.

"Kajifungia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na dume asiporudi?"

Nimemwambia atabomoa atoke, ila mayai au makinda ndiyo yatakayopotea. Biasha kaachwa na waume wawili, wa pili alimwacha ana mimba ya miezi sita. Katazama ule upenyo, kisha kaenda kukoroga mchuzi wake.

Novemba 10
Nimepiga hesabu. Vitabu vinasema hondohondo wa aina hii hukaa ndani siku tisini na nne hivi, kisha mama na makinda hutoka pamoja. Jana alifunga mlango, kwa hivyo ni Februari 11. Eda yangu: Oktoba 5, miezi minne ni Februari 5, na siku kumi, Februari 15. Zinabaki siku nne. Atakuwa ametoka kabla Swabir hajaleta huo msumeno wake. Alhamdulillahi, mdomo wangu siku ile ulisema la maana.

Novemba 15
Dume, safari kumi na moja. Makuyu.

Novemba 24
Nimesoma tangu alfajiri mpaka simu ikazima. Amin, ulisema kweli na mimi mwalimu nilikuwa mjinga.

Tukani si nduguye. Tukani ni jamaa wa kigong'ota, yuko huko ng'ambo na ukoo wake. Wamefanana kwa sababu kazi yao imefanana: wote wawili huchuma matunda kwenye vitawi vyembamba visivyobeba mwili wao, na midomo yao ikarefuka kwa ajili hiyo, kila mmoja kwao, bila kujuana. Mimi nikatazama mdomo nikasema ndugu. Watoto wangu wa kidato cha pili wakijibu hivyo nawakata alama.

Ndugu zake wa kweli ukiwatazama huwezi kuamini. Yuko mumbi, yule mkubwa atembeaye chini. Yuko gegemela, mweusi wa kung'aa mwenye mkia mrefu. Na yuko hudihudi! Hudihudi wa rangi ya udongo mwekundu na kishungi chake, anayedonoa uwanja wa shule kila asubuhi, ninayempita na mkoba wangu. Wataalamu walianza kushuku kwa mifupa na mienendo, halafu wakaja kuchunguza urithi ulio ndani ya damu na nasaba ikathibitika. Walitengana mamilioni ya miaka iliyopita, huyu akawa mkubwa wa msituni na yule mdogo wa uwanjani.

Na undugu wenyewe si wa damu tu. Jike la hudihudi nalo hutaga tunduni na kukaa humo, na mumewe humletea chakula mlangoni. La gegemela hivyo hivyo. Wao hawana ukuta wa udongo, lakini desturi ni ile ile moja. Nimekaa kitandani daftari mapajani, nimesisimka mwili mzima.

Hata huyu wetu mwenyewe wataalamu wamemhamisha. Waliwahi kumweka nyumba moja na hondohondo wengine wakubwa wa misitu ya Kongo, baadaye wakamrudisha kwake na wenzake wachache. Jina lake la kitaalamu maana yake mpiga tarumbeta.

Nimemweleza Biasha. Kanitazama kama ninayeumwa.

"Hudihudi? Huyu wa Nabii Suleiman?"

"Huyo huyo."

"Muongo we!" Lakini kaenda dirishani, kamtazama dume kwa makini. "Basi kumbe ni mtu mwenye kwao," kasema. Neno mkosi sijalisikia tena leo.

Mstari wa Amin sijauunganisha. Mkono haujaweza.

Desemba 3
Kaka yangu kapiga simu kutoka Bongwe. Chumba changu cha usichana kimepakwa chokaa, eda ikiisha atakuja kunichukua. Watoto sina, mume sina, hapa nakaa kama nani? Nimemwambia ahsante. Biasha kasikia, na chai ya jioni kanitilia sukari mara mbili.

Desemba 12
Swabir kaja kutujulia hali. Nimemwomba Biasha amwambie habari ya ndege, kuwa ndani ya mti mna mama na makinda, na kwamba ni ukoo mmoja na hudihudi. Sikusema kuukata mti ni haramu, elimu hiyo sina na sitaki kumsingizia Mungu. Nilitaka ajue tu ni mti wa nani.

"Hudihudi ana kishungi, huyu ana pembe," akajibu kwa sauti nisikie. "Undugu uko wapi hapo?"

Sikumlaumu, maana hata mimi nilitazama mdomo. Nikakumbuka kisanduku cha Amin. Nikatoa fuvu la hondohondo aliloliokota mwituni, bado lina kipande cha shingo, nikaliweka kwenye sahani, Biasha akalifunika kawa akampelekea kama chakula.

Nikazungumza kupitia pazia. "Shemeji, wewe fundi. Shika ule mfupa wa shingo unapokutana na fuvu. Kwa ndege wengine pale ni vifupa viwili. Kwa ukoo wote wa hondohondo vimeungana kuwa kimoja, ili shingo ibebe ule mdomo. Wanaoijua nasaba hutazama maungo, hawatazami mapambo ya nje."

Nilimsikia analigongagonga kwa ukucha, anavyogonga mbao karakanani.

"Subhanallah," akasema polepole. "Hapana gundi, hapana msumari. Mimi nimekaa miaka thelathini kwenye useremala na kiungo kama hiki sijaweza." Kisha, "Na hii pembe ni nyepesi! Ndani ni tupu!" Alikuwa amefurahi kama siku ya Idi, na mimi huku nyuma ya pazia nikajikuta natabasamu kwa mtu niliyemchukia miezi miwili.

Alipoondoka akasema, "Lakini neno ni neno, shemeji. Mteja nimemwahidi. Siku utakayotoka eda."

Fuvu hakurudisha. Nadhani kalisahau mfukoni.

Desemba 20
Mvua imekatika. Joto. Dume, safari kumi na nne.

Januari 1
Ya rabi! Nimefanya nini mimi?

Jioni Biasha kaingia kutoka uani. "Mwezi wa Rajab umeandama, wifi. Zako zimebaki thelathini na tisa, au arubaini."

"Arubaini na tano," nikamsahihisha, maana ndiyo kazi yangu, kusahihisha watu.

"Umehesabu kwa kutumia nini?"

Nikaonyesha kalenda ya ukutani, ya shule, yenye picha ya mwalimu mkuu. Biasha akaweka mikono kiunoni. "Weye msomi weye! Eda yahesabiwa kwa kalenda ya mwalimu mkuu? Eda ni kwa mwezi! Saba, Nane, Tisa, Rajab, na siku kumi za Shaabani. Amin kafa mwezi ukiandama, hata mtoto wa chuoni atakuhesabia."

Miezi ya mwandamo ni mifupi, najua, nani asiyejua? Nafunga Ramadhani kila mwaka. Lakini nilikaa nikapiga hesabu kishule, nikajipa siku tano au sita ambazo sina. Natoka eda Februari 9 magharibi, au siku moja baadaye. Swabir atakuja asubuhi yake. Na mama yule anatoka Februari 11 mapema iwezekanavyo. Siku moja! Siku moja imepungua, au mbili!

Biasha hakucheka. Alikaa chini kwenye mkeka akafikiri.

Januari 4
Biasha kaenda Ukunda kumwomba kaka yake siku tatu. Kajibu: "Nilisema si kabla, si baada." Karudi kavimba, kavunja nazi tatu na tulihitaji moja.

Januari 17
Dume hajaonekana tangu jana asubuhi.

Upepo wa kaskazi ulivuma sana jana. Labda kapigwa, labda kategwa. Mdomo wa jike unatoka kwenye upenyo, unarudi, unatoka. Sasa hivi saa nane mchana na sijala. Ndani kuna makinda, nayasikia yakilia.

Biasha kapita uani na papai lililoiva, kalipasua, kapanda kigoda na kuliweka juu ya paa la jiko kando ya kandambili yake. "Hawezi kutoka kulifuata," nimemwambia. "Sijamwekea yeye," kajibu. "Nimemwekea bwana wake. Akirudi na njaa aanze karibu."

Baadaye: karudi! Saa kumi na moja! Kakosa unyoya mmoja mrefu wa bawa la kushoto, lakini karudi, na moja kwa moja kaenda upenyoni, katoa tini moja, ya pili, ya tatu, nimehesabu ishirini na sita kutoka kooni mwake. Biasha kashangilia kwa vigelegele mpaka jirani kauliza kuna harusi. Nimemtazama huyu mwanamke. Miezi mitatu na nusu anapita mlangoni mwangu na uji, na maji ya kuoga, na sahani iliyofunikwa, na mimi kazi yangu kumwandika humu kwa kejeli. Mungu anisamehe.

Januari 30
Mwezi wa Shaabani umeandama. Zimebaki kumi.

Februari 7
Bado.

Februari 9
Bado. Udongo wa mlangoni haujapata hata ufa. Jua limetua na eda yangu imekwisha. Biasha kanipikia maji ya mdalasini na kunitolea leso mpya. Nimeoga nikilia.

Februari 10
Naandika kwa kirefu maana sitaki kusahau.

Saa moja asubuhi nilitoka. Nyayo zangu zilikuwa laini, changarawe ikaniuma. Nilizunguka ua nikaenda kusimama chini ya mbambakofi na leso yangu mpya. Sikuwa na hoja nyingine. Nilikuwa na mgongo wangu tu wa kuuegemeza pale.

Wakaja. Charo mbele, kabeba msumeno wa injini. Swabir nyuma. Nilikuwa sijamwona uso tangu siku ya mazishi, na nilishtuka. Kakonda, ndevu zimemwota nyeupe. Kwa sauti ya nyuma ya pazia nilimdhania mzima. Kumbe na yeye kafiwa na mdogo wake, na hilo sikuliwaza hata mara moja.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Umetoka salama?"

"Nimetoka. Yeye hajatoka."

Akatazama juu. Dume lilikuwa limefika na tini zake, nalo halikutujali. Charo akashusha msumeno chini. "Mzee, tuanze? Jua litakuwa kali."

"Twaiba, nilikupa neno," akasema Swabir. Hakuwa mkali. Alikuwa kama anayeniomba nimsaidie. "Nilisema eda ikiisha."

Ndipo Biasha alipotokea na mwiko mkononi, unadondosha uji. Hakunitazama mimi. Akamwendea kaka yake mpaka kifuani.

"Ulisema eda ikiisha, sawa. Mwanamke wa ndani kwa ajili ya eda, heshima yake humsumbui. Haya, tazama juu! Huyo naye hayumo ndani? Hakujifungia? Halishwi mlangoni? Eda yake yeye imekwisha?"

Swabir akatia mkono mfukoni na nikaona kidole chake kinapapasa kitu humo, na nikajua ni nini. Hakulisahau lile fuvu. Analitembeza.

Charo alikuwa ameshika kamba ya msumeno.

"Charo," akasema Swabir, "nenda nyumbani. Mteja nitamwambia mlango wake bado una mwenyewe ndani."

Charo akacheka, akaondoka. Mimi nikakaa pale pale chini. Biasha akanikemea kuwa nachafua leso mpya.

Februari 13
Saa tatu na robo. Ufa, kisha kipande cha udongo kikaanguka, kisha mdomo. Aligonga saa nzima, anapumzika, anagonga. Swabir alikuwa kaja tangu alfajiri, na kigoda chake. Alipotoka mama, mkia wake ulikuwa umekunjamana, kachafuka, kakaa tawini kama asiyejua mabawa ni ya nini. Kisha akaruka! Nyuma yake kinda moja, na baada ya adhuhuri la pili. Dume likalia ile sauti ya mtoto, na safari hii Biasha akaliitikia.

Nilimwambia Swabir kuwa hondohondo hurudi tundu lile lile mwaka baada ya mwaka. Akashusha pumzi ndefu. "Basi mti umenishinda," akasema. Hakuwa na huzuni yoyote.

Februari 21
Kaka yangu aja kesho na pikapu kunichukua. Mizigo yangu ni mabegi mawili na madaftari.

Leo tangu asubuhi Swabir alikuwa sebuleni anagongagonga, katufukuza mimi na Biasha jikoni. Alasiri katuita. Kaunda ubao wa mwembe ukuta mzima, kauranda mpaka unateleza, na juu yake kachonga matawi yote ya ule ukurasa wa Amin, kila ndege na nafasi yake. Biasha aliniibia daftari usiku nikiwa nimelala, akampelekea, wote wawili hawana haya. Tawi la hondohondo kaliacha bila kuliunganisha. "Hilo la mwalimu," akasema, akanipa patasi. Pembeni chini kachonga majina mawili, Amin na Twaiba.

Nikamshukuru. Nikamwambia ni mzuri mno, sijui nitaubebaje mpaka Bongwe.

"Haubebeki," akasema Swabir, anafuta vumbi la mbao mikononi. "Nimeuundia humu humu ndani. Mlangoni haupiti."

Biasha kauangalia ubao, kaangalia mlango, kisha kanigeukia mimi. "Umesikia, wifi? Mpigie kaka yako simu asijisumbue na mafuta."

Nimempigia. Kisha nikashika patasi na kuchonga ule mstari mwenyewe, umepinda kidogo, mpaka ukafika kwa mumbi, na gegemela, na hudihudi.

Amin, umeuliza ndugu zake ni nani. Ni hao. Ulidhani sawa.